Namba Iliyo Chini ya Mashine: Maswali Yenu Kuhusu Mashine za Gemu za Zamani

Maswali mengi tunayopokea yana asili moja. Mtu amepata mashine ya zamani, akanunua adapta, kebo au kaseti kwa kufuata jina la kwenye boksi, na sasa vitu havioani. Jina lile lilikuwa la kuuzia. Kabla ya kununua chochote, igeuze mashine usome namba ya modeli kwenye lebo ya chini.

Nina Mega Drive. Nimeagiza adapta ya Genesis, volti zinakaribiana, lakini plagi haiingii. Je, nimeuziwa kifaa cha mashine nyingine?

Mega Drive na Genesis ni mashine moja. Sega iliitoa Japani mwaka 1988 kwa jina la Mega Drive, ikaiuza Marekani kuanzia 1989 kwa jina la Genesis, na ilipofika Ulaya mwaka 1990 ikaitwa tena Mega Drive. Kinachokukwamisha ni toleo.

Toleo la kwanza ni pana, na upande wa mbele lina tundu la hedifoni pamoja na kitelezi cha sauti. Linataka volti 9 za DC (umeme wa mkondo mmoja), ampea 1.2, na katikati ya plagi ni hasi. Toleo la pili ni dogo na halina tundu la hedifoni; lile la Marekani lina lebo ya MK-1631. Hilo linataka volti 10 za DC, ampea 0.85, plagi yake ni nyembamba, na katikati ni chanya. Angalia hapo vizuri: hasi na chanya zimebadilishana nafasi. Ndiyo maana tunasisitiza usikate plagi moja na kuunga nyingine ili "iingie tu". Ukiunga bila kugeuza nyaya, umeme utaingia kinyume na saketi inaweza kuungua. Tazama mchoro mdogo kwenye lebo ya adapta na ulinganishe na ule ulio karibu na tundu la mashine: nukta ya kati imeunganishwa na alama ya kutoa au ya kujumlisha.

Kebo za picha nazo zinatofautiana. Toleo la kwanza lina tundu la duara la pini 8, la pili lina tundu dogo zaidi la pini 9. Tena kwenye toleo la kwanza, tundu la picha hutoa sauti ya mono tu. Ukitaka stereo, ichukue kwenye tundu la hedifoni.

Ukikutana na Genesis 3 (MK-1461) ya mwaka 1998, iliyotengenezwa na Majesco, ujue kwamba haikubali vifaa vya kuongezea vya Sega CD wala 32X bila kufanyiwa marekebisho ndani. Hiyo Sega CD ndiyo Mega-CD ya Japani na Ulaya.

Super Famicom yangu imetoka Japani. Rafiki ana Super Nintendo ya Ulaya inayofanana nayo kabisa, hadi rangi za vitufe. Naweza kutumia adapta yake?

Hapana, usijaribu hata mara moja. Kati ya maswali yote ya leo, hili ndilo linaloweza kukuharibia mashine kwa sekunde chache.

Super Famicom (SHVC-001) na Super Nintendo ya Ulaya (SNSP-001A) zina umbo moja na plagi zao ni za duara. Lakini ya Japani inataka volti 10 za DC, miliampea 850, hasi ikiwa katikati. Ya Ulaya inataka volti 9 za AC (umeme wa mkondo geu). Adapta ya Ulaya itaingia bila kulazimishwa, kisha itapeleka umeme wa AC mahali palipotengenezewa DC. Bahati ikiwepo inakatika fyuzi peke yake. Isipokuwepo, zinaondoka kapasita na vipuri vingine pamoja nayo. Super Nintendo ya Marekani (SNS-001) imeepuka hatari hii kwa sababu tundu lake ni la aina ya peke yake, ingawa nayo hutumia volti 10 za DC.

Kama lebo ya adapta imefutika, ipime kwa multimita kabla ya kuichomeka kwenye mashine. Weka multimita kwenye DC kwanza. Ikisoma karibu na sifuri, kisha ukihamia AC ikasoma volti kadhaa, hiyo ni adapta ya AC. Usishtuke pia adapta nzito ya zamani yenye transfoma ikisoma volti 12 au 13 wakati lebo inasema 10. Bila mzigo husoma juu, ikifungwa kwenye mashine inashuka.

Na NES? Nina kaseti za Famicom ambazo hazitoshi kwenye mashine yangu, na taa nyekundu inawaka na kuzima.

Hapo kuna mambo mawili. Famicom ndiyo NES ya Japani. Kaseti ya Famicom ina pini 60, ya NES ina pini 72, kwa hiyo unahitaji kigeuzi cha 60 kwenda 72. Taa ni jambo lingine. NES-001, ile yenye mlango wa mbele ya mwaka 1985, ina chipu ya ulinzi inayowasiliana na chipu iliyo ndani ya kaseti. Zisipoelewana, mashine hujizima na kujiwasha takriban mara moja kila sekunde. Kaseti za Famicom hazina chipu hiyo, kwa hiyo kigeuzi kisichokuwa nayo hakitakusaidia kitu kwenye NES-001.

Ikiwa taa inawaka na kuzima hata kwa kaseti halali za NES, karibu kila mara tatizo ni uchafu. Safisha pini za kaseti kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili, kisha kiunganishi cha pini 72 ndani ya mashine. Usipulize kaseti kwa mdomo: unyevu wa pumzi huleta kutu kwenye pini.

NES-101 ya mwaka 1993, inayopokea kaseti kwa juu, haina chipu ya ulinzi. Hasara yake ni picha: hutoa mawimbi ya antena tu, wakati NES-001 ina matundu ya RCA ya picha na sauti. Famicom zenyewe ni kinyume chake. HVC-001 ya mwaka 1983 ndiyo ya antena pekee, na pedi zake zimefungwa moja kwa moja kwenye mashine. HVC-101 ya 1993 ina tundu la picha na pedi za kuchomoa. Anayeuza "Famicom ya AV" aonyeshe namba HVC-101. Asipoionyesha, huenda ni HVC-001 iliyobadilishwa ndani, na bei yake haifai kuwa sawa.

Matangazo yanaandika PS1, PSX, PSone. Ni mashine ngapi hizi?

Ni tatu. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, na PSX ni kifupi ambacho watu waliizoea nacho. PS one ni toleo dogo la mviringo la mwaka 2000, lenye lebo ya SCPH-100, 101 au 102, na linatumia adapta ya nje ya volti 7.5. Baadaye, mwaka 2003, Sony ikauza Japani mashine ya kurekodi televisheni iliyoitwa rasmi PSX, namba zake zikianza na DESR. Ndani yake mna PlayStation 2. Kwa hiyo tangazo likisema PSX, omba picha ya lebo.

Kwenye PlayStation ya kijivu, soma tarakimu ya mwisho. SCPH-1000 ni ya Japani, 1001 ni ya Marekani Kaskazini, 1002 ni ya Ulaya. Utaratibu huo unaendelea hadi 7000, 7001, 7002 na kuendelea. Tarakimu hiyo inakuambia diski za eneo gani zitakubaliwa, lakini inakuambia na jambo zito zaidi. Mashine hizi zina kipoza umeme (kifaa cha kushusha volti) ndani, na ya Japani imetengenezwa kwa volti 100. Kebo ya ukutani ni ile ya kawaida yenye umbo la 8, inaingia kwenye zote, kwa hiyo hakuna kitakachokuzuia kuichomeka kwenye volti 230 na kuiunguza. Tumia transfoma ya kushusha.

Tarakimu ya kwanza nayo ina maana. Mashine za 1001 na 1002 zina matundu ya RCA nyuma, yaliyoondolewa kwenye matoleo ya baadaye. Lensi yao imekaa karibu na kipoza umeme, na kitelezi chake cha plastiki huchakaa kwa joto. Ndipo video zinaanza kukwama na wenye mashine wanaigeuza juu chini ili isome. Kuanzia mashine za 5500 lensi ilihamishwa. Tungekuwa tunanunua ya kuchezea tu, tungechukua 5501, 7001 au 9001 kabla ya 1001, hata kama 1001 inasifiwa sana kwa sauti yake. Kumbuka tu kwamba familia ya 9000 haina tundu pana la nyuma la kuongezea vifaa.

Game Boy Advance SP yangu inasemwa ni AGS-101 lakini kioo kinaonekana hafifu. Nitajuaje?

Usiiamini lebo, kwa sababu lebo na makasha mapya yanauzwa na hubadilishwa kila siku. Iwashe, kisha bonyeza kitufe kidogo cha taa kilicho katikati, chini ya kioo. Ikiwa taa inazimika kabisa na kioo kinabaki kijivu, hiyo ni AGS-001, inayomulikwa kutoka mbele. AGS-101 haizimi taa kamwe: inahama tu kati ya mwanga mkali na mwanga wa wastani, kwa kuwa taa yake iko nyuma ya kioo. Ukibonyeza ukapata ngazi nyingi za mwanga, si ya asili, mtu ameweka kioo cha kisasa. Si kosa, kioo hicho mara nyingi ni kizuri kuliko cha asili, ila usilipe bei ya 101.

Chaja ya SP (AGS-002) ndiyo pia ya Nintendo DS ya kwanza, NTR-001. Kwenye DS Lite, USG-001, haiingii.

Muuzaji anataka pesa ya ziada kwa Super Nintendo aliyoiita "1CHIP". Lebo ni SNS-001 kama yangu.

Lebo haiwezi kuthibitisha hilo. SNS-001 nyingi zina prosesa na chipu mbili za picha zilizotengana. Matoleo ya mwisho yaliunganisha zote tatu kuwa moja, na picha ikawa kali zaidi. Jina limeandikwa kwenye ubao wa ndani: SNS-CPU-1CHIP-01, 02 au 03. Kuufikia unahitaji bisibisi ya gamebit ya milimita 4.5. Hakuna picha ya ubao, hakuna pesa ya ziada. Na kama unatumia kebo ya kawaida ya njano, tofauti hutaiona vizuri; inaonekana kwa RGB, yaani kebo inayopeleka rangi nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa waya wake. SNS-101, ile ndogo ya mwaka 1997, nayo ni ya chipu moja, lakini haitoi RGB wala S-Video mpaka iunganishiwe nyaya ndani.

Xbox 1 na Xbox One ni kitu kimoja?

Hapana. Xbox ya kwanza ni ya mwaka 2001, Xbox One ni ya 2013. Muuzaji akiandika "Xbox 1", muulize kama juu ina herufi kubwa ya X iliyochongwa kwenye kasha. Kama ndiyo, ni ya 2001, na inahitaji kufunguliwa mapema: matoleo ya ndani ya 1.0 hadi 1.5 yana kapasita ya saa ambayo huvuja na kula njia za shaba kwenye ubao. Fungua skrubu sita za T20 (zenye kichwa cha nyota) chini, baadhi zimefichwa na miguu ya mpira na lebo, kisha za T10 zinazoshika diski. Ing'oe kapasita, sugua mahali hapo kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Mashine itafanya kazi bila hiyo, itasahau saa tu ukichomoa umeme. Ya 1.6 ina kapasita ya aina nyingine, iache.

Kaseti zangu zimeandikwa Atari VCS. Zitaingia kwenye 2600?

Zitaingia, ni mashine ileile. Iliitwa Video Computer System tangu 1977, na jina la 2600 likatoka kwenye namba yake ya modeli, CX2600, mwaka 1982 ilipokuja 5200. Zitacheza pia kwenye 7800, lakini si kwenye 5200 bila kigeuzi. Ila ukitafuta mashine, angalia mwaka: Atari ilitumia tena jina VCS mwaka 2021 kwa mashine mpya isiyo na mahali pa kaseti. Adapta ya 2600 ni volti 9 za DC, miliampea 500, na plagi yake ni kama ya hedifoni ya milimita 3.5, ncha ikiwa chanya. Ichomeke kwenye mashine kwanza, ukutani baadaye, maana plagi ya aina hiyo hugusanisha nyaya wakati inaingia.