Barua kwa mwanangu: hesabu wazi, majina siri

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata. Unasema wapangaji wenzako huko Mombasa wamekuchagua uongoze chama cha mtaa, na unaniuliza: wakati wa korona sisi wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, tuliwezaje kuendesha kamati ya mtaa bila mshahara wala cheo, watu wasigombane wakatawanyika?

Waligombana, ila hawakutawanyika. Kila mtu aliona fedha zilivyoingia na zilivyotoka, na waliosaidiwa walijulikana na watu watatu tu.

Mengi hukuyaona, kwa sababu kuanzia tarehe 8 Aprili 2020 Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungwa, hakutoki mtu haingii mtu. Lamu haikufungwa, lakini gari la kuja kwetu kutoka Mombasa hupita Kilifi, basi tukawa kama tumefungwa nasi. Watalii walikatika. Manahodha, wenye punda wa kubeba mizigo, wapishi wa nyumba za wageni, wote mikono mitupu. Wanaume walijua nani kapoteza kazi. Sisi wanawake tulijua jiko la nani halijawashwa, na hilo ndilo lililohitajika.

Ndoo za bomba na sabuni hazikutupa taabu. Watu wanaotawadha mara tano kwa siku hawangoji kufundishwa kunawa mikono.

Fedha zilikuja kidogo kidogo. Machi mwaka ule ada ya kutuma kwa M-Pesa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 iliondolewa, na mvuvi akaweza kutoa shilingi 200 yake bila kukatwa. Kila Ijumaa binti mmoja mwenye hati nzuri aliandika kilichoingia, bei ya unga, bei ya mafuta na kilichobaki, akabandika ukutani karibu na duka. Asiyeamini alisimama akajumlisha mwenyewe. Wengi walijumlisha, nami nilifurahi kila nilipowaona.

Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili, misikiti ilikuwa imefungwa. Mwanangu, futari ya msikitini ilikuwa ikiwasitiri watu wengi kuliko tulivyodhani. Mtu huingia, hukaa na wenzake, hula, huondoka, na hakuna aliyemwita maskini. Mlango ulipofungwa, sitara ile ikaondoka pamoja na chakula. Chakula tungeweza kununua. Sitara ilitaka akili. Tukaamua sinia zilizofunikwa kawa zipelekwe kila nyumba ya kichochoro, ya mwenye nacho na ya asiye nacho. Mwenye nacho alijua la kufanya: sinia yake ilirudi kwetu imejaa zaidi. Kafyu ilikuwa saa moja usiku na magharibi huadhiniwa saa kumi na mbili na ushei, kwa hiyo vijana walianza kuzunguka mara tu baada ya alasiri.

Ugomvi mkubwa uliletwa na mfadhili mmoja, simtaji, aliyetaka picha za watu wakipokea unga. Wenzangu wawili walisema njaa haingoji heshima, na sikuwalaumu, maana wao ndio waliokuwa wakisikia watoto wakilia. Nikakataa. Mama atakayepigwa picha akishika mfuko wa msaada ataonyeshwa picha hiyo siku bintiye atakapoposwa, na mji wetu huu unaujua. Magunia tukayakosa, vipimo vikapungua, na karatasi ya Ijumaa ikaeleza kwa nini. Mmoja wa wale wawili aliondoka kwenye kamati moja kwa moja. Iliniuma, na bado ningekataa.

Wengine walichoka tu. Anayejitolea akisema amechoka, mshukuru mbele ya watu umwache aende. Ukimshika kwa haya hatakuja tena. Ukimwachia, Mungu akipenda, utamwona akirudi mwenyewe na ndoo mkononi.

Huko kwenu ni ghorofa, na wengi hawajui hata jina la jirani wa mlango wa pili. Kwa hiyo usianze na michango. Zunguka kwanza, piga hodi, ujue nani mgonjwa na nani analea peke yake. Kisha chagua watu watatu wa kuyatunza uliyoyasikia, angalau mmoja wao awe mwanamke, maana kuna milango ambayo wewe hutafunguliwa. Daftari la fedha lisikae kwako wala kwa rafiki yako. Ukishampata wa kulishika, niandikie ni mtu wa namna gani.

Mamako