Unauza gari ulilolishusha Ujerumani? Tafuta karatasi kabla ya mteja

Hapa Hamburg, mteja akiona gari limeshushwa, yaani limepunguzwa kimo, swali lake la kwanza si injini. Anataka karatasi za kibali cha vipuri ulivyobadilisha. Nimeuza Golf yangu yenye springi fupi na rimu kubwa, nimewasindikiza na ndugu wengine kuuza ya kwao, na bei hupanda au kuporomoka hapohapo.

Kanuni za magari za huku, StVZO, kifungu cha 19, zinasema kibali cha gari hufutika ukibadilisha kitu kinachoweza kuhatarisha watu au kuzidisha moshi na kelele. Kipuri chenye alama ya E ndani ya duara, mfano E1 ya Ujerumani au E4 ya Uholanzi, kwa kawaida hakina usumbufu kikifungwa kwenye gari kilichotengenezewa. Chenye ABE, yaani kibali cha jumla, karatasi yake itembee na gari. Chenye Teilegutachten, yaani ripoti ya mtaalamu kuhusu kipuri, ni lazima gari lipelekwe kwa mashirika ya ukaguzi, TÜV, DEKRA au wenzao, likakaguliwe mara tu kinapofungwa.

Wengi hunasa kwenye ABE. Mtu akiona aina ya gari lake imetajwa, basi, ameridhika. Masharti ya kurasa za nyuma hayagusi. Mara nyingi huko ndiko imeandikwa kwamba rimu hizo ni kwa gari lenye springi za kiwandani. Ukishalishusha, rimu na springi vikaguliwe kwa pamoja, hata kama kila kimoja kina karatasi yake safi.

Na usimtambie mteja stika mpya ya ukaguzi wa kila miaka miwili. Ile haiidhinishi ekzosi uliyobadilisha.

Kwenye mkataba, muuzaji binafsi anaruhusiwa kukataa dhamana ya kasoro. Lakini kifungu cha 444 cha sheria ya madai, BGB, hakikulindi kama ulijua kasoro ukanyamaza makusudi. Mimi huorodhesha kila kipuri kilichoongezwa na karatasi ninayoikabidhi, mnunuzi anasaini.

Karatasi ya rimu ikipotea, soma namba ya KBA (mamlaka ya magari ya Ujerumani) iliyogongwa kwenye rimu yenyewe, kisha tafuta tovuti ya mtengenezaji; wengi huziweka bure. Usipoipata, rudishia vipuri vya kiwandani kabla hujapiga picha za tangazo. Ndiyo maana springi za zamani huwa sizitupi, mama watoto anung'unike atakavyo kuhusu stoo.