Chama Kipi Kimeamua?

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umechaguliwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na wiki ya kwanza tu diwani anataka mkutanie ofisi ya chama chake, na wenzako wa kikundi cha maombi wanataka ukumbi wao uwe makao ya tawi. Unaniuliza uwakatalie wote?

Usikatae kwa hasira, maana wazee wetu nao walishikana mikono. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar es Salaam walipogoma mwaka 1958, TANU iliwahimiza watu waache kununua bia. Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, tangu ilipoundwa mwaka 1955, na TANU ilikuwa nyumbani kwake vilevile. Mkoloni ndiye aliyekuwa serikali. Utadaije mshahara bila kudai na nchi?

Uhuru ulipokuja, udugu ule ukageuka. Mwaka 1962, Kawawa huyohuyo akiwa Waziri Mkuu, zikapitishwa sheria zilizobana haki ya kugoma. Januari 1964 askari wakaasi, viongozi wengi wa wafanyakazi wakawekwa kizuizini, na Februari TFL haipo tena. Ikazaliwa NUTA, chama kimoja kwa wote, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Hebu fikiri, mama, mtu una malalamiko dhidi ya serikali, unayapeleka kwa waziri wake!

Nami niliyaonja kiwandani. Mwenzangu wa zamu ya usiku alikatwa kidole na mashine. Tulikifunga kwa kipande cha kanga, asubuhi tukapiga hodi kwa katibu wa tawi, ambaye pia alikuwa kiongozi wa siasa palepale. Alitusikiliza vizuri, akasema, "Chama kimeshalisikia." Tulipotoka mwenzangu akaniuliza, "Chama kipi?" Nikakosa jibu. Fidia hakuipata, na makato ya ada yakaendelea kuonekana kwenye karatasi yake ya mshahara kila mwezi. Mpaka leo nauona ule ukanda wa kanga, ulivyolowa.

Na dini sina ugomvi nayo, unanijua. Gdańsk, kule Poland, mwaka 1980 wagomaji walisomewa misa ndani ya kiwanda cha meli, langoni wametundika picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili, wakapata moyo. Lakini uongozi wa Solidarność, chama cha wafanyakazi kilichozaliwa na mgomo ule, ulitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Tawini kwenu mna Waislamu, Wakristo na wasiosali kabisa. Asiyesali nanyi akifukuzwa kazi, ataingia ukumbi ule kwa moyo gani?

Basi kutaneni kantini, au hata chini ya mwembe. Diwani mwalikeni, aje kama mgeni, asikilize. Dua ya kufungulia iwepo, leo shehe, kesho mchungaji. Ila daftari la ada na ufunguo wa kasha vikae kwa mweka hazina mliyempigia kura ninyi. Na katika muhtasari usiandike "chama" peke yake, andika jina lote.

Ukishauandika, nitumie niusome.

Mama yako