Mlio wa zzz kwenye kifaa cha kusikia

Dada, huo mlio wa zzz anaousikia mama akiongea na simu hautoki sikioni mwake. Simu ikiwa kwenye 2G hurusha mawimbi kwa vipindi, mara 217 hivi kwa sekunde, na kifaa chake kinaunasa huo mtetemo. Mwekee 4G na uwashe VoLTE (kupiga simu kupitia 4G yenyewe) kama laini yake inayo, maana bila hiyo simu hushuka 2G au 3G wakati wa kupiga.

Halafu, kama kifaa ni cha nyuma ya sikio, maikrofoni iko juu, si tunduni. Aipandishe simu hapo, asiibane sana, la sivyo kitapiga filimbi. Na akitaka kuweka spika ya nje, tafadhali msimkataze.