Mkienda halmashauri, bebeni bili

Mara ya kwanza halmashauri ilipotuita wafanyabiashara kuzungumzia hewa ukaa, gesi inayoongeza joto duniani, tulisaini ahadi ya kuipunguza, tukapigwa picha, tukarudi kazini. Mwaka ukapita hakuna hata taa moja iliyobadilishwa. Nilikuwa mmoja wa waliosaini kwa mbwembwe, kwa hiyo lawama hiyo nami imo yangu.

Safari ya pili tulikwenda watu sita tu, kila mmoja na bili za umeme za miezi 12 na daftari la mafuta. Hesabu yenyewe haitaki mtaalamu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa. Ya petroli, kama kilo 2.3. Kwa umeme, zidisha uniti zako kwa kiwango cha gridi unayotumia, yaani kilo za hewa ukaa kwa kila uniti, maana umeme wa maji na wa makaa ya mawe haulingani hata kidogo. Nilipomaliza kuzidisha niliona aibu: gari letu la mizigo lilichafua kuliko mashine zote za karakana.

Kabla hujaidai halmashauri chochote, safisha kwako. Kama una kompresa ya upepo, iache ikiwaka baada ya kazi, zana zote zimezimwa. Ikianza kujaza tena yenyewe, kuna pahali inavuja. Karakana nyingi hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya upepo kwa njia hiyo. Mwenye majokofu makubwa amwite fundi apime kama gesi ya kupozea inavuja, kwani kilo moja tu ya gesi aina ya R-404A ikitoroka ni sawa na karibu tani 4 za hewa ukaa. Hayo hayahitaji kikao.

Kikao kinahitajika kwa mambo yaliyo nje ya uzio wako, na huko ndiko sisi tulikochelewa. Sote sita tulichukua mizigo ghala moja, magari sita nusu tupu, saa ile ile ya foleni. Kwa nini tusitumie gari moja? Kwa sababu kibali cha kupakua kilitolewa kwa jina la biashara moja, na saa za kupakua zilipangwa zamani na mtu ambaye labda hakuwahi kuendesha gari la mizigo. Afisa aliyetupokea hakujua kuwa kibali chake kinachoma dizeli. Tulipomwekea daftari mezani, alilisoma mara mbili. Kibali cha pamoja kilichukua miezi mitatu, na saa zikasogezwa alfajiri. Ahadi ile yenye picha haikufanya hata robo ya hayo.

Taka zilitufundisha kwa uchungu zaidi. Taka zinazooza zikifukiwa dampo bila hewa hutoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha joto takribani mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Basi tukanunua mapipa, tukawafundisha wafanyakazi kutenganisha. Baada ya miezi miwili kijana mmoja akaja kuniambia kwamba lori linamimina mapipa yote pamoja. Alikuwa sahihi, na kuwashawishi upya ilikuwa kazi kweli. Ulizieni lori kwanza, mapipa baadaye.

Ninyi mlio upande wa halmashauri, nina ombi moja: tupeni afisa mmoja anayepokea simu. Fomu ndefu huwafukuza wadogo na kubakiza kampuni kubwa zenye mtu wa kujaza fomu. Na kwenye zabuni zenu, pimeni gharama ya kuendesha kifaa maisha yake yote, siyo bei ya kukinunua tu.

Kuna mwenzetu aliyesema tungoje teknolojia ishuke bei. Ripoti ya jopo la kisayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, ya 2018 ilieleza kwamba ili ongezeko la joto la dunia lisipite nyuzi 1.5 juu ya lile la kabla ya enzi za viwanda, hewa ukaa inayotolewa duniani ipungue kwa takribani asilimia 45 ifikapo 2030 ikilinganishwa na 2010. Na sehemu ya tunayotoa leo hubaki angani karne nyingi, ikijilimbikiza. Kungoja kwake nako kunaingia kwenye hesabu.

Kilichokwama ni sola. Wanne kati yetu ni wapangaji, mwenye jengo hataki mtu aguse paa lake, na bili ya umeme hailipi yeye. Tumeiomba halmashauri iwaite wenye majengo. Barua imepokelewa, muhuri upo, jibu bado.