Kujaribu programu ya stoki bure: angalia kwanza tarehe ya kuanza

Kaka, umeuliza kama siku 14 za bure zinatosha kupima programu ya fakture (ankara) na stoki kwa kenkayeri yako (duka la vifaa vya ujenzi) ya Kamalondo, Lubumbashi, au umfuate yule muuzaji mwingine anayetoa siku 30. Chukua 30. Lakini ukizianza tarehe mbaya, nazo zitakwisha bila kukuonyesha kitu.

Kuuza na kuchapa fakture kila programu inaweza, utaliona hilo siku ya kwanza. Ubovu hujitokeza wakati wa kufunga mwezi: kuhesabu stoki, kulinganisha kese (pesa taslimu za duka), halafu deklarasio (tamko) ya TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo mwisho wake ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo jiandikishe tarehe 17. Siku 30 zitakufikisha tarehe 15 au 16, na ndani yake mna wiki mbili za mauzo, kufunga mwezi na deklarasio nzima. Ukibaki na siku 14 tu, anza tarehe 24, funga mwezi, kisha toa ripoti ya TVA mapema, tarehe 2 au 3, uikague bila kungoja siku ya kuipeleka. Muuzaji mwandikie pia kuomba wiki mbili za ziada, na umwandikie kabla muda haujaisha. Wengi hukubali, maana mtu aliyekwisha kuingiza stoki yake ni mteja wa karibu.

Saa inaanza kuhesabu pale unapojiandikisha, hata kama delestaji (mgao wa umeme) imekukalisha siku tatu bila umeme. Ndiyo maana data inatayarishwa kabla. Fungua jedwali la Excel lenye namba ya bidhaa, jina, kipimo, bei ya kununua, bei ya kuuza na kiasi kilichopo. Usiingize bidhaa zote 2,000. Chagua 120 hivi, na hakikisha zile zenye matata zimo: waya unaoununua kwa rulo na kuuuza kwa mita, misumari ya kartoni inayouzwa kwa kilo, simenti ya mifuko ya kilo 50.

Hapo kwenye vipimo ndipo programu nyingi zinaanguka. Ingiza rulo 1 ya mita 100, uza mita 17, uangalie stoki. Lazima isome mita 83. Ikisoma rulo 0, au ikishuka hadi −16, programu haijui kugeuza vipimo, na hakuna mafunzo yatakayoiponya. Muuzaji atakwambia ufungue bidhaa mbili, moja ya rulo na moja ya mita. Usikubali: baada ya miezi miwili hutajua una waya kiasi gani.

Jaribio la pili ni la pesa mbili, na hili programu zilizotengenezwa mbali na Kongo hazilizoei. Tengeneza fakture ya dola 100, mteja alipe dola 60 na zilizobaki kwa franka. Kwa mfano, ukiweka kiwango cha 2,500, zinakuwa franka 100,000. Kesho yake badili kiwango kiwe 2,600, ufungue tena fakture ya jana. Lazima bado isome 100,000. Ikigeuka 104,000, maana yake programu inahesabu upya mambo yaliyokwisha, na kese yako haitalingana hata siku moja. Jioni, kese ya dola na kese ya franka zionekane kila moja peke yake.

TVA ya 16% ipime kwa bei rahisi: bidhaa ya 116 kodi ikiwa ndani. Kodi ni 16. Programu ikiandika 18.56, imekata asilimia juu ya bei yenye kodi tayari. Mpe kontable (mhasibu) wako dakika ishirini aone kama mpango wa akaunti ni wa SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu unaotumika Kongo: mauzo ya bidhaa 701, TVA uliyotoza 443, TVA ya kurudishiwa 445. Akaunti zikiwa za nchi nyingine, atakuwa anaziandika upya kila mwezi, na utamlipa kwa kazi hiyo.

Zima intaneti katikati ya fakture ya mistari mitano, kisha iwashe. Fakture iwepo, na iwe moja tu, maana programu nyingine huiandika mara mbili. Kama programu inakaa ndani ya kompyuta, fanya kopi kwenye flashi kwanza, ndipo uchomoe umeme. Baadaye jaribu kuirudisha kopi hiyo kwenye kompyuta ya pili. Kopi isiyowahi kurudishwa usiitegemee.

Wa kujaribu awe kijana anayesimama kaunta. Wewe bosi utaisamehe programu makosa ambayo yeye atakutana nayo mbele ya foleni. Daftari liendelee kuandikwa sambamba siku zote hizo, na kila jioni mlinganishe kese na kiasi cha bidhaa kumi. Tofauti ya kese itafutwe jioni hiyo hiyo, kwa sababu ikilala siku tatu haitapatikana.

 

Ukiombwa namba ya kadi wakati wa kujiandikisha, jua pesa huenda zikakatwa zenyewe muda ukiisha. Weka alamu kwenye simu siku tatu kabla. Wala usirudishe saa ya kompyuta nyuma ili uongeze siku: tarehe za fakture zitachanganyika, na hiyo data hutaweza kuitumia hata ukinunua.

Siku tano kabla ya mwisho, toa data yote nje kwa Excel: bidhaa, wateja, madeni, fakture moja moja. Fungua mafaili uone kama yamejaa. Kisha muulize muuzaji kwa maandishi: nikiacha kulipa, nitaweza kusoma fakture zangu za zamani? Kama jibu ni hapana na mafaili yako hayakutoka, usinunue, hata kama majaribio mengine yote yamepita.