Miguu kuwa mbao siku ya mashindano, sio woga tu mkuu

Mtoa mada nimekusoma. Unasema tizi unapiga kilomita 10 kwa dakika 44 bila shida, siku ya mashindano unatoka 49 na miguu inakuwa mbao toka kilomita ya tatu, na wachangiaji karibu wote hapo juu wanakwambia "dogo jiamini". Hiyo ya jiamini mimi nimeila miaka miwili na haikunisaidia kitu, ngoja nikupe yangu.

Nusu marathoni yangu ya kwanza (kilomita 21) ilikuwa ya Kilimanjaro, pale Moshi. Mazoezini nilikuwa naenda kilomita moja kwa dakika 5, nikajipangia kumaliza kwa saa 1 na dakika 50 maana nilishaambiwa kuna mlima. Asubuhi pale uwanja wa Ushirika tunapoanzia muziki unapigwa, watu kama utitiri, mkojo unabana kila dakika mbili (ule sio mkojo wakuu, ni mchecheto), tukaachiwa tukatoka. Nikaona mbona leo mwepesi hivi, napita watu tu, nikasema leo ndio leo. Kuja kuangalia saa, kilomita tatu za kwanza nimeenda dakika 4:15, 4:10, 4:20. Ile kupanda ya kuelekea Mweka ilivyoanza nilikuwa nimeshakwisha, mapaja yanawaka, mabega yamepanda mpaka masikioni, kichomi kimenishika ubavu, mama mmoja mtu mzima kabisa akanipita huku anapiga stori na mwenzie. Nikamaliza 2:11.

Sasa hapo kilichoniangusha ni akili au mwili? Huwezi kuvitenganisha. Ukiwa na mchecheto mwili unamwaga adrenalini, moyo unadunda hata hujapiga hatua, na ule mwendo ambao siku zote unausikia mgumu siku hiyo unausikia laini. Yaani kipimo chako cha ndani ndio kinachokudanganya, wewe unaona unacheza kumbe akiba ya sukari kwenye misuli inaungua kwa fujo. Halafu misuli ambayo ilitakiwa ilegee nayo inakaza, kwahiyo mguu mmoja huohuo unasukuma huku unajivuta wenyewe. Ndio umbao wenyewe huo. Mnavyomuona Kipchoge, yule Mkenya wa marathoni, anatabasamu kilomita za mwisho msidhani ananogewa, mwenyewe kashasema anafanya vile ili alegee.

Ila kilichonifumbua macho ni mwisho wa mbio zilezile. Kilomita ya 19 nilikuwa natembea, nimeapa sikimbii tena maishani, ungenipa pikipiki ningepanda. Nikaja kuona uwanja, watu wanapiga kelele, nikachomoka shoti mita kama 300 mpaka kwenye utepe. Jioni nimelala najiuliza, ile nguvu nilikuwa nimeificha wapi? Kama miguu ilikuwa imekwisha kweli nisingeweza hata mita 50. Kumbe kichwa ndio kilivuta breki mapema kwa kuogopa, kilivyoona mwisho upo pale kikaachia.

Na hili sio la kwangu tu. Mwaka 2004 watafiti Uingereza waliwapa waendesha baiskeli kibarua cha kama saa moja, wakawa wanasukutua maji yenye wanga usio na utamu halafu wanatema, hawamezi hata tone. Walimaliza karibu dakika mbili mapema kuliko waliposukutua maji matupu. Hakuna chakula kilichoingia tumboni, ubongo tu ulisikia mdomoni kuna msosi unakuja ukalegeza kamba. Mimi toka hapo sisubiri kuchoka ndio ninywe glukosi.

Kwahiyo dogo, dawa sio kujisemesha mbele ya kioo. Fundisha mwili mpaka kichwa kiamini. Mimi nilianza kuiga siku ya mashindano kwenye mazoezi, naamka saa ileile, uji uleule, natoka na kundi la watu wanaonizidi, halafu kilomita mbili za kwanza najilazimisha kwenda polepole mpaka naona aibu. Kilomita ya mwisho ndio naifyatua, kila wiki, ili kichwa kizoee kwamba hata nikiwa hoi nikikanyaga mafuta sifi. Nikisikia mabega yanapanda natikisa mikono, naachia taya. Mwaka uliofuata njia ileile nilikimbia 1:47.

Najua kuna mtu atakuja na Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa zamani, kwamba mbona kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola Christchurch 1974 alitoka mbele toka mwanzo akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa 3:32.2. Sawa, lakini Bayi ile kasi alikuwa nayo mwilini, alikuwa amezoea kukimbia hivyo, sio kwamba muziki ulimpandisha mori. Mimi na wewe tumfuate Alphonce Simbu, mtu wetu wa marathoni. Mashindano ya dunia Tokyo 2025 alikaa kwenye kundi ametulia, wanaingia uwanjani Mjerumani Petros yuko mbele, jamaa kamfuata mpaka kwenye mstari wenyewe, wote 2:09:48, tofauti sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia. Kilomita 42 halafu bado una gia ya kubadilisha, hiyo ni breki ameishika mwenyewe.

La mwisho, na hili usilichukulie poa. Kuna kipindi nilikuwa mzito miezi miwili, kocha wangu wa wakati huo kila siku "ni akili tu, kaza", nikakaza mpaka nikawa nahema kupanda ngazi za nyumbani. Kwenda kupima, damu iko chini, madini chuma hakuna. Akili ilikuwa inasema kweli muda wote, ni mimi niliyeizibia masikio. Tofauti niliyoiona ni kwamba mchecheto unakukuta siku ya mashindano tu, damu ikipungua hata jogingi ya Jumanne inakushinda.

Hebu weka hapa muda wako wa kila kilomita kwenye yale mashindano yaliyopita, hasa tatu za kwanza. Nahisi nazijua tayari.